Wasseypur iwe ya mwisho: jinsi ya kumuingiza mtu kwenye muvi za uhalifu za Kihindi

Ngoja nianze na kosa nililofanya mwenyewe ili wewe usilirudie. Nilikua na rafiki ambaye kwake muvi ya Kihindi ni kuimba milimani na stelingi mmoja kupiga watu ishirini, basi. Mimi nikataka nimuonyeshe upande wa pili, wa magenge na polisi na ndugu wanaosalitiana, nikamuwekea Gangs of Wasseypur. Naipenda hii muvi mpaka leo, kwangu hakuna inayoifikia, ila ilipofika kama dakika ya arobaini jamaa alikua ameshaniuliza mara sita "huyu tena nani?", na mimi kila nikisimamisha nimueleze yeye anapotea zaidi, mwisho akasema tuache tu. Ilinichukua muda mrefu sana kumrudisha.

Muvi haina kosa, mpangilio ndo ulikua mbovu. Na kuna sababu ya msingi kabisa kwanini Wasseypur iwe ya mwisho, nitaisema huko chini, sasa hivi tuanze panapotakiwa.

Anza na familia, genge litasubiri

Mtu mgeni hajui Mumbai ilikuaje miaka ya 80, hajui kwanini polisi wanaua mtu barabarani na kesho yake wanasifiwa. Lakini kila mtu anajua hofu ya baba mwenye watoto. Kwahiyo ya kwanza kabisa ni Drishyam ya 2015, ya Nishikant Kamat. Ajay Devgn ni Vijay, jamaa wa kawaida kule Goa mwenye biashara ya kebo ya TV, shule aliishia darasa la nne, ana mke na mabinti wawili, na kila anachokijua duniani amekijua kwa kuangalia muvi usiku ofisini kwake. Halafu jambo zito linaingia nyumbani kwake, na mama wa upande wa pili ni mkubwa wa polisi, anaigizwa na Tabu, mwanamke ambaye akikuangalia tu unahisi ameshajua.

Muandae mwenzako kwa jambo moja: mwanzo unaenda taratibu. Atakuambia mbona hakuna kinachotokea. Muambie avumilie, tena aangalie vitu vidogo, jamaa anakula wapi, anamsalimia nani, anagombana na nani, maana hakuna hata kimoja kilichowekwa bure. Tarehe 2 na 3 Oktoba, na safari ya Panaji, utazisikia mara nyingi mpaka utazikariri, na huko kukariri kwako ndo mtego wenyewe, siongezi neno. Na tafadhali usimuonyeshe trela. Akikuambia stori kama ameshaiona mahali anaweza kua sahihi, muvi asili ni ya Kimalayalam ya 2013, ya dairekta Jeethu Joseph, stelingi akiwa Mohanlal, na wapo wengi wanaosema ile ni bora zaidi. Mimi kwa mgeni wa muvi za Kihindi bado nampa hii.

Akiwa mtu wa kupenda kushtukizwa, ya pili ni Andhadhun (2018) ya Sriram Raghavan. Mpiga piano asiyeona, mji wa Pune, basi, ishia hapo hapo. Ila nikuonyeshe kitu kimoja cha kumuelekeza: kuna kipande kirefu piano inapigwa na hakuna mtu anayefungua mdomo, macho yako yanataka kwenda kwa mpigaji, wewe muambie amuangalie Tabu. Uso tu. Nimeshakirudia kile kipande mara nyingi na kila mara nashika pumzi.

Na kama mwenzako amechoka na stori ambazo wanawake wapo kwa ajili ya kulia, mpe Kahaani (2012) ya Sujoy Ghosh. Vidya Balan, mjamzito, anatoka London kuja Kolkata kumtafuta mumewe, mji mzima uko kwenye maandalizi ya sikukuu ya Durga Puja. Humo kuna muuaji anaitwa Bob Biswas, wakala wa bima, mnene kidogo, miwani, anakusalimia kwa adabu zote kabla hajatoa bastola. Anaonekana dakika chache lakini ndo mtu ambaye kila mtu anatoka anamuongelea.

Hizo tatu zinatosha kwa kuanzia. Tatu, sio kumi.

Mapumziko na nyimbo

Muvi za Kihindi zinaandikwa zikijua kwamba katikati watu watatoka nje ya ukumbi. Katikati ya muvi neno la mapumziko linatokea kwenye skrini, na kabla yake kuna jambo kubwa, siri imefichuka au mtu ameangushwa, yaani stori inageuka hapo. Kwahiyo kama unamuonyesha mtu ambaye hajazoea muvi ya masaa mawili na nusu, mkatie hapo hapo, usikate sehemu nyingine. Mpe dakika kumi akuambie anadhani nini kitatokea. Utashangaa jinsi anavyorudi ana hamu kuliko alivyotoka.

Nyimbo usiruke. Najua watu wengi wanaruka, wanasema zinakatisha, ila kwenye hizi muvi za uhalifu nyimbo mara nyingi ndo sehemu pekee ambapo hao watu wanaacha kudanganya. Kwenye Satya, muvi ya genge la Mumbai ambayo tutaifikia huko chini, kuna wimbo wa genge limelewa linaimba kuhusu kupiga risasi kichwani, wanacheza ovyo, wanakumbatiana, na ndo unagundua hawa ni vijana tu wasio na sehemu nyingine ya kwenda. Ukiruka ule wimbo, vifo vyao baadae havikuumi.

Lugha: hapa sisi tuna bahati

Subtaito zinakula vitu vingi, kwahiyo mfundishe mwenzako maneno machache kabla. Na kwa mtu wa Kiswahili hii ni raha kwasababu nusu ya kazi imeshafanyika. Tega sikio utasikia duniya, waqt, khabar, hisaab, kanoon, na sarkar ambayo ni serikali. Laki yao ndo laki yetu. Jambazi akisema "hisaab barabar" huhitaji subtaito, ni hesabu zimekaa barabara, tumelipana, na kwenye hizi muvi neno hilo kawaida linamaanisha kuna mtu anakufa.

Lakini hapo hapo kuna mitego. Undugu wao umekaa kinyume na wetu. Mama kwao ni mjomba, kaka wa mama yako, kwahiyo kwenye Satya ukisikia lijamaa linene linaitwa Kallu Mama usichanganyikiwe. Kaka ni baba mdogo. Dada ni babu mzaa baba, na mitaani Mumbai dada ni mbabe, mtu wa kuogopwa. Rafiki yangu alikaa nusu saa nzima akisubiri huyo dada anayetishia watu atokee, akidhani ni mwanamke. Bhai ni kaka au ndugu, ila kwenye magenge bhai ndo bosi mwenyewe, na ukisikia "bhai amepiga simu" ujue chumba kizima kitanyamaza.

Kuna na hii ya kusema "wewe". Kihindi kina tatu: aap ya heshima, tum ya kawaida, na tu ambayo ni ya mtu wa karibu sana au mtu unayemdharau. Subtaito zote zinaandika neno moja tu. Kwahiyo mfundishe asikilize: watu wawili wamekua wakiitana aap muvi nzima, ghafla mmoja anasema tu, hapo heshima imekufa, na mara nyingi bastola inafuata. Hili jambo peke yake linabadilisha kabisa unavyoangalia.

Maneno ya kazi sasa. Supari ni popoo, ile ya kutafuna na tambuu, ila kwenye genge kutoa supari ni kulipia mtu auawe. Hafta ni wiki, maana yake pesa ya kila wiki ambayo mwenye duka anatoa ili asiguswe. Peti ni sanduku, yaani laki moja, na khoka ni milioni kumi, rupia hizo. Khabri ni mtoa habari wa polisi, maisha yake huwa mafupi. Na enkaunta ni pale polisi wanapomuua mtuhumiwa kisha ripoti inasema kulikua na majibizano ya risasi, Mumbai ya miaka ya 90 ilijaa hizo, na kuna muvi nzuri ya 2004 ya Nana Patekar kuhusu polisi wa kazi hiyo, inaitwa Ab Tak Chhappan, maana yake mpaka sasa hamsini na sita. Ndo idadi ya aliowaua.

Sasa mpeleke Bombay

Mwenzako akishapenda zile tatu, rudi nyuma mpaka Deewaar ya 1975, dairekta Yash Chopra, skripti ya Salim-Javed, waandishi wawili waliokua wakiandika pamoja. Ndio ni ya zamani, rangi zimefifia, ngumi zina sauti kama mlango unafungwa, ila usimkwepeshe. Amitabh Bachchan ni Vijay, kuli wa bandarini Bombay (ndo jina la zamani la Mumbai), baadae anaingia kwenye magendo ya dhahabu. Kwanini dhahabu? Kwasababu sheria za India zilibana sana biashara ya dhahabu wakati huo, ile sheria ya kuidhibiti ya 1968 ilikuja kufutwa 1990, na watu wanaitaka kwa harusi na kwa akiba, kwahiyo mwenye boti na ujasiri anatajirika. Mdogo wake Vijay, Shashi Kapoor, anakua polisi. Mama yao yuko katikati. Muvi ndo hiyo.

Kipande cha kumuonyesha kwa karibu: majambazi wa bandarini wanazunguka mji kumtafuta Vijay, wanarudi kwenye ghala lao, wanamkuta yuko ndani amekaa kwenye kiti miguu juu, anawasubiri. Anafunga mlango kwa ndani, funguo anamtupia kiongozi wao, anamuambia weka mfukoni, nitaitoa humo humo mfukoni mwako nikimaliza. Hajapiga ngumi hata moja bado lakini umeshaamini. Na ile ya chini ya daraja, kaka anahesabu alivyonavyo, magari, majumba, pesa benki, anamuuliza mdogo wake wewe una nini, na yule anajibu kwa maneno manne tu kwamba yeye anaye mama. Utani mwingi umefanywa kuhusu hayo maneno, ila ukiyasikia kwa mara ya kwanza ndani ya muvi yenyewe, baada ya yote yaliyotangulia, hucheki.

Kati ya hapo na Satya kuna Ardh Satya ya 1983, Om Puri kama polisi ambaye kazi inamla kutoka ndani, na Parinda ya 1989 ya Vidhu Vinod Chopra, ndugu wawili tena, na Nana Patekar kama bosi anayeitwa Anna ambaye haogopi mtu yeyote ila anaogopa moto. Zote mbili nzuri. Ukiwa na muda wa moja chukua Parinda, njiwa wa humo utaota nao.

Halafu muambie kidogo kuhusu viwanda. Mwaka 1982 wafanyakazi wa viwanda vya nguo Bombay, karibu laki mbili na nusu, waligoma wakiongozwa na Datta Samant, mgomo ukashindwa, viwanda vingi havikufunguka tena vizuri. Vijana wa mitaa ile wakabaki hawana kazi na magenge yalikua yanaajiri. Ukijua hilo, Satya ya 1998 ya Ram Gopal Varma inaacha kua muvi ya majambazi tu. Satya mwenyewe anashuka mjini, hatuambiwi katokea wapi, hatuambiwi ana ndugu gani. Anapata rafiki, Bhiku Mhatre, Manoj Bajpayee huyo, na kuanzia hapo muvi ni ya Bhiku. Kuna sehemu Bhiku amesimama juu ya mwamba pembeni ya bahari, mji uko mbele yake, anapiga kelele akiuuliza mfalme wa Mumbai ni nani na kujijibu jina lake mwenyewe. Ila mimi nakipenda zaidi kile cha nyumbani, bosi huyo huyo anagombezwa na mkewe kuhusu mambo ya ndani na hana la kujibu. Jambazi mwenye mke anayemfokea, watoto na kodi ya kulipa, muvi nyingi zilizofuata zimepita mlango huo.

Tena kihalisia: aliyeandika Satya pamoja na Saurabh Shukla ni Anurag Kashyap, na Shukla ndo huyo Kallu Mama mwenyewe. Muziki ni wa Vishal Bhardwaj. Kumbuka hayo majina mawili, Kashyap na Bhardwaj, kwasababu mwenzako akiuliza "baada ya hii niangalie nini" jibu liko kwa hao.

Bhardwaj alitengeneza Maqbool (2003), ni tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare iliyohamishiwa kwenye genge la Mumbai. Irrfan Khan, Tabu tena, na Pankaj Kapur kama mzee Abbaji, sauti ya chini kabisa lakini chumba kinatetemeka. Wale wachawi wa Macbeth humu ni polisi wawili wala rushwa, Om Puri na Naseeruddin Shah, wanapiga ramli na kutabiri huku wao wenyewe ndo wanasukuma utabiri utimie. Mpe mtu hii kama anapenda mazungumzo kuliko risasi.

Kashyap akatengeneza Black Friday, kuhusu mabomu ya Bombay ya tarehe 12 Machi 1993 ambapo watu 257 walikufa. Ilizuiwa miaka kadhaa kwasababu kesi ilikua bado mahakamani, ikaja kutoka India 2007. Hii usimpe mtu kama burudani ya wikiendi, muambie ukweli kabisa kwamba ni nzito na ni ya watu halisi. Ndani yake kuna kukimbizana kwenye vichochoro vya mabanda, polisi wanamfukuza mtuhumiwa, na kinaendelea, na kinaendelea, mpaka wote wamechoka, polisi wanatembea wanahema, jamaa naye anatembea anahema, hakuna tena anayekimbia. Sijaona kukimbizana kwingine kunakofanana na ukweli kiasi kile.

Sirizi sizikatai, Sacred Games (2018), Paatal Lok (2020) na Delhi Crime (2019) ambayo ilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa 2020 ni kazi nzuri sana, ila msimu wa kwanza wa Delhi Crime unahusu ubakaji na mauaji ya Delhi ya 2012, muulize mtu kwanza kama yuko tayari. Na kwa ushauri wangu sirizi zije baada ya muvi, mtu akizoea vipande nane vya stori moja anakosa uvumilivu wa Deewaar.

Na sasa Wasseypur

Gangs of Wasseypur, 2012, sehemu mbili, jumla zaidi ya masaa matano. Dhanbad, nchi ya makaa ya mawe, koo zinauana kuanzia miaka ya 40 mpaka karne hii. Kabla hujabonyeza, chukua karatasi uandike majina ya pande tatu tu: kina Khan, kina Qureshi, na Ramadhir Singh. Shahid Khan ni babu, Sardar Khan ni mtoto, Faizal Khan ni mjukuu. Sardar ni Manoj Bajpayee, yule yule Bhiku, amenyoa kichwa kwa kiapo kwamba nywele hazitaota mpaka alipe kisasi cha baba yake. Muambie pia kwamba mwanzo kabisa, pale watu wanaangalia tamthilia ya TV halafu risasi zinamiminika kwenye nyumba, asihangaike kuelewa, hicho kipande ni cha mbele sana, muvi inarudi miaka sitini nyuma halafu inakuja kukikuta. Rafiki yangu alipotelea hapo hapo, dakika za mwanzo, na mimi sikumuambia.

Na ile sababu niliyoahidi ni hii. Watu wa Wasseypur nao ni watazamaji wa muvi. Faizal, Nawazuddin Siddiqui, anakaa anavuta bangi na kujiona yeye ni Amitabh, anatembea kama Amitabh, anasubiri maisha yake yawe muvi. Na adui yake Ramadhir Singh, mzee aliyewazika wengi, anasema kabisa kwamba yeye bado yuko hai kwasababu haangalii muvi, wengine wote kila mmoja ana muvi yake inacheza kichwani na anataka awe stelingi. Mtu ambaye hajaona Deewaar anasikia maneno hayo yanapita tu. Mtu aliyemuona Vijay amekaa kwenye kiti ghalani, miguu juu, anajua Faizal anaota nini, na anajua ndoto hiyo iliishaje mara ya kwanza.

Sehemu ya kwanza angalieni jioni moja, ya pili kesho yake, msiunganishe. Ile karatasi ya majina iwekeni karibu, mtu akifa mumpige mstari. Mwisho wa sehemu ya kwanza mistari itakua mingi, na jina la Faizal litakua bado halijaguswa.